Kabla ya kununua ruta, pima kwanza kinachoingia nyumbani

SWALI

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Kyaliwajjala, pembeni mwa jiji la Kampala, katika nyumba ya chini yenye vyumba vinne vya kulala, iliyojengwa kwa matofali ya kuchoma. Mwaka jana tulivutiwa faiba na tukachukua kifurushi cha megabiti 30 kwa sekunde. Mafundi waliokuja walifunga kisanduku cheupe sebuleni, nyuma ya televisheni, na tangu siku hiyo hakijahamishwa.

Sebuleni intaneti ni nzuri. Lakini katika chumba cha mwisho, ambako baba watoto ameweka meza yake ya kazi, picha hukwama na sauti hukatika kila anapokutana kwa video na wenzake walio Nairobi. Yeye ni mhasibu, na kazi hiyo ndiyo inayotulipia karo. Binti yetu mkubwa anasoma Makerere, naye hulazimika kuketi koridoni anapotaka kupakua mihadhara. Kuanzia saa mbili usiku hali huwa mbaya nyumba nzima, hata hapo sebuleni.

Nimepewa mashauri matatu yasiyopatana. Mhudumu wa kampuni iliyotuunganishia aliniambia nihamie kifurushi cha megabiti 60. Muuzaji mmoja mjini ananishawishi ninunue ruta yenye antena nane kwa shilingi 650,000, akidai kwamba itaongeza kasi mara tano. Kaka yangu anayeishi Minneapolis, Marekani, ananiambia niachane kabisa na kisanduku cha kampuni. Yuko tayari kunitumia modemu na ruta, kwa kuwa yeye aliponunua vya kwake aliacha kulipia ukodishaji wa kifaa kila mwezi. Tena kuna mama yangu aliye Tororo, ambako faiba haijafika mtaani kwake, naye anatamani kuwaona wajukuu kwa video. Fedha tulizo nazo ni za kununua mara moja, na sitaki kukosea. Nifanye nini?

Dada wa Kyaliwajjala

JIBU

Dada yetu wa Kyaliwajjala, barua yako ina sentensi moja fupi ambayo ndiyo inayotupa pa kuanzia: sebuleni intaneti ni nzuri. Maana yake ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya siku, unacholipia kinafika nyumbani kwako, kisha kinapotelea kati ya sebule na meza ya shemeji. Lakini umesema pia kwamba usiku hali huharibika nyumba nzima, na hilo huenda likawa tatizo jingine lenye chanzo kingine. Ukiyachanganya mawili hayo utatumia fedha kurekebisha moja huku ukisubiri la pili liondoke lenyewe. Kwa hiyo ninakusihi usinunue chochote, wala usiongeze kifurushi, mpaka umepima.

Tafuta kompyuta ya mkononi yenye tundu la kebo ya mtandao, au azima ya jirani, uichomeke kwa kebo fupi kwenye mojawapo ya matundu ya kisanduku kile cheupe. Zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo ili isije ikapitia hewani bila wewe kujua, waombe watoto wazime intaneti kwenye simu zao, zima na televisheni, kisha endesha programu ya kupima kasi. Nyingi za programu hizo hukuruhusu kuchagua seva, yaani kompyuta ya mbali ambayo kipimo hufanywa nayo. Anza na iliyo Kampala, halafu iliyo Nairobi, kwa sababu huko ndiko kazi ya shemeji iliko. Fanya hivyo asubuhi na urudie saa tatu usiku, kwa siku kadhaa, na kila mara andika mambo matatu: kasi ya kushusha, kasi ya kupandisha, na muda wa kwenda na kurudi ambao huandikwa kwa milisekunde. Watu wengi hutazama namba ya kwanza pekee, ilhali mkutano wa video hutegemea sana hizo mbili nyingine, maana uso wa shemeji hauna budi kupanda kwenda Nairobi kwa wakati uleule ambao nyuso za wenzake zinashuka kuja kwake.

Hapa niseme neno kuhusu vipimo, kwa kuwa nimepokea barua nyingi za watu wanaodhani wameibiwa. Kifurushi huuzwa kwa megabiti, lakini kompyuta inapopakua faili huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 30 kwa sekunde ni megabaiti 3.75. Ukiona kompyuta inaandika 3.6 au 3.7, unapata karibu chote ulicholipia, na muhadhara wa binti yako wenye ukubwa wa gigabaiti 1.5 utachukua takriban dakika saba kuingia.

Sasa, vipimo vyako vitakwambia nini? Ikiwa kwa kebo unapata megabiti 28 au 29 asubuhi na usiku, basi laini yako ni nzima na tatizo lote liko kwenye Wi-Fi pamoja na matumizi ya ndani ya nyumba. Ikiwa asubuhi unapata 29 na usiku unashuka hadi nane au kumi, wakati hakuna mwingine anayetumia, basi hakuna ruta duniani itakayokusaidia, hata ingekuwa na antena ishirini, kwa sababu ruta hugawa kinachoingia na haiwezi kukizidisha. Faiba za majumbani kwa kawaida hutumia mfumo uitwao GPON, ambao uzi mmoja wa kampuni hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64, zikishirikiana takriban gigabiti 2.5 za kushusha. Mtaa mzima ukiwasha televisheni kwa wakati mmoja, na kampuni ikiwa imeuza vifurushi kupita uwezo wake, kila nyumba hupungukiwa. Tena nchi yetu haina pwani. Mawasiliano yetu na dunia hupita Kenya au Tanzania hadi kwenye nyaya za baharini, na ndiyo maana tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota hapa Uganda kama ilivyozorota kwa majirani. Jambo la namna hiyo haliponywi kwa kifaa cha sebuleni.

Ukikuta kwamba laini ndiyo inayoshuka usiku, peleka daftari lako kwa kampuni: tarehe, saa, seva uliyotumia, na tamko kwamba ulipima kwa kebo. Hilo la kebo usiliache, kwa sababu jibu la kwanza la wahudumu wengi huwa kwamba Wi-Fi yako ndiyo mbovu, na kipimo cha kebo huondoa hoja hiyo mapema. Wasipokushughulikia, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, hupokea malalamiko ya wateja, na malalamiko yenye vipimo vilivyoandikwa yana uzito kuliko maneno matupu.

Kabla hujafika huko, hata hivyo, chunguza saa mbili usiku nyumbani kwako kunafanyika nini. Filamu ya kiwango cha 4K huhitaji megabiti 15 au zaidi peke yake, kwa hiyo televisheni moja inaweza kula nusu ya kifurushi chako, na mbili zikakimaliza. Simu zinazopandisha picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni huziba njia ya kupandisha, na mwenye simu hata hajui. Punguza ubora wa filamu, ahirisha upandishaji wa picha hadi usiku wa manane, kisha upime tena. Ushauri wa yule mhudumu wa kuhamia megabiti 60 utakuwa wa haki tu ikiwa kebo inakupa 30 kamili saa tatu usiku na bado familia yako inazitumia zote. Vinginevyo utalipia 60 sebuleni, na chumba cha mwisho kitabaki kama kilivyo.

Nije kwenye chumba hicho, maana ndipo ninapoamini dawa yako ilipo. Fundi hufunga kisanduku pale waya unapoingilia, kwa kuwa ndipo kazi yake inapokwisha haraka. Hapangi kwa kufikiria meza ya mhasibu iliyo upande wa pili wa nyumba. Kisanduku chako kiko nyuma ya televisheni, ambayo ndani yake ina mabamba ya chuma, na kutoka hapo mawimbi yanatakiwa kupenya kuta kadhaa za matofali ya kuchoma, na huenda mlango wa chuma au kabati lenye kioo cha kujitazamia. Wi-Fi hutumia hasa masafa mawili. La gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni la polepole na limejaa: ruta za majirani, vifaa vya Bluetooth na hata maikrowevu hukutana humo, na lina chaneli, yaani vijia vya mawimbi, tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. La gigahezi 5 lina kasi kubwa na nafasi pana, ila huchoka mapema likikutana na ukuta. Sebuleni unafurahia lile la 5. Chumbani simu na kompyuta hurudi kwenye 2.4 na kugombea nafasi na mtaa mzima.

Jaribio la kwanza halina gharama: itoe televisheni mbele ya kisanduku au kiinue kisanduku juu ya kabati, mahali pa wazi, kisha upime tena ukiwa kwenye meza ya shemeji. Usiuvute wala kuukunja waya wa faiba mwenyewe, kwa sababu ndani yake mna uzi wa kioo unaovunjika kwa kupindwa vibaya, na kuuunganisha upya kunahitaji mashine ya fundi. Ukitaka kisanduku kihamie koridoni, waite waliokifunga.

Jaribio hilo lisipotosha, ushauri wangu ni huu, na ninausimamia: kitu cha kwanza kununua ni kebo ya mtandao ya kutosha kutoka sebuleni hadi chumba cha mwisho, na fundi wa kuipitisha juu ya dari. Kebo ya daraja la Cat 5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na nyumba yako haifiki hata nusu ya umbali huo. Mwambie muuzaji unataka ya shaba tupu, kisha uikague: kwarua ncha ya uzi mmoja kwa kisu, na ukiona weupe chini ya rangi ya shaba ujue ni alumini iliyopakwa, ambayo huuzwa kwa bei ya chini, hukatika kwa urahisi na hupoteza nguvu njiani. Kompyuta ya shemeji ikichomekwa kwenye kebo hiyo moja kwa moja, mikutano yake haitajali tena kuta wala ruta za majirani. Kazi inayolipa karo inastahili waya.

Kwenye ncha hiyohiyo ya kebo ndipo ruta utakayonunua inapaswa kukaa, ikiwa imewekwa katika hali ya kituo cha Wi-Fi (access point), yaani isigawe anwani mpya bali itoe tu mawimbi kwa vyumba vya upande ule, na binti yako aweze kutoka koridoni. Kwa kifurushi cha megabiti 30 au 60 huhitaji kifaa cha kifahari. Tafuta yenye masafa yote mawili, yenye matundu ya gigabiti, na inayokubali hali hiyo niliyoitaja. Wi-Fi 5, yaani ya kizazi cha tano, ingekutosha leo; Wi-Fi 6, iliyoanza kuthibitishwa mwaka 2019, inafaa zaidi kwa nyumba yenye simu nyingi kwa sababu huhudumia vifaa vingi kwa zamu iliyopangwa vizuri, na bei zake zimekwisha kushuka. Wi-Fi 7, iliyoanza kuthibitishwa mwaka 2024, iache. Huna simu wala kifurushi kinachoihitaji.

Kuhusu antena nane, zisikutishe wala zisikuvutie. Soma kilichoandikwa pembeni mwa boksi. Ruta inayoitwa AX3000 haikupi megabiti 3000. Hiyo ni jumla ya kasi za juu kabisa za kinadharia kwenye masafa yote mawili, takriban 574 kwa lile la 2.4 na 2402 kwa lile la 5, na kifaa chako hutumia moja kwa wakati mmoja, kikiwa karibu, bila ukuta. Muuzaji anayesema kasi itaongezeka mara tano hajakuuliza kifurushi chako ni cha ngapi, na kwa nyumba inayopokea megabiti 30 anachoahidi hakiwezekani. Vilevile jihadhari na vile vipokezi vidogo vya kuchomeka ukutani vinavyorudia mawimbi: vingi hupokea na kutuma kwa masafa yaleyale, hivyo hupoteza takriban nusu ya kasi njiani. Ikiwa haiwezekani kabisa kupitisha kebo, basi heri seti ya ruta mbili za kusaidiana, zenye masafa yote mawili, na ya pili ikae katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri. Ukiiweka kwenye chumba chenye shida, itarudia shida ileile.

Kaka yako wa Minneapolis anasema kweli kwa nchi yake. Huko nyumba nyingi hupata intaneti kupitia kebo ya shaba ya televisheni, kwa mfumo wa DOCSIS, na kampuni humkodisha mteja modemu kila mwezi; anayenunua yake hupunguza gharama. Wewe huna kebo hiyo. Kazi ya modemu nyumbani kwako inafanywa na kisanduku kile cheupe, ambacho hugeuza mwanga wa faiba kuwa mawasiliano ambayo kompyuta inayaelewa, na ambacho kimesajiliwa kwenye mitambo ya kampuni kwa namba yake. Modemu ya DOCSIS haina hata tundu la kuingiza waya wako. Ruta yake ingeweza kufanya kazi, lakini adapta yake lazima iandikwe volti 100 hadi 240, kwa kuwa ya volti 120 pekee itaungua ikichomekwa kwenye umeme wetu wa 240. Chaneli za ruta za soko la Marekani hupangwa kwa sheria za kule. Na UCC hutaka vifaa vya mawasiliano viwe vimeidhinishwa kabla ya kutumika nchini. Mshukuru kaka, umwombe asitume.

Jambo la umeme usilisahau. Ukishakuwa na kisanduku sebuleni na ruta chumbani, umeme ukikatika vyote viwili vinahitaji betri, na kuna watu hununua betri ndogo ya volti 12 kwa ajili ya ruta wakashangaa intaneti haipo, kwa sababu kisanduku cha faiba kimezimika. Soma volti na ampea kwenye adapta ya kila kifaa kabla ya kununua betri yake. Kwa radi za ukanda huu wa Ziwa Victoria, faiba yenyewe haipitishi umeme, lakini adapta hupitisha. Mvua kubwa ikianza, chomoa.

Kwa mama aliye Tororo, chombo cha Kyaliwajjala hakitafaa. Yeye anahitaji ruta ya laini ya simu, ya 4G, yenye modemu yake ndani. Kabla ya kumnunulia, mtu aende nyumbani kwake na simu ya 4G yenye laini za mitandao miwili, apime kasi kwenye kila dirisha, mchana na usiku; dirisha lililoshinda ndipo ruta itakapokaa, na mtandao ulioshinda ndio utakaonunuliwa laini, ambayo mama ataisajili kwa kitambulisho chake cha taifa. Ruta ya daraja la Cat 4 (daraja la ruta za 4G, si lile la kebo), yenye uwezo wa juu wa megabiti 150 za kushusha, inatosha sana kwa video za wajukuu. Kinachohitaji uangalifu ni bendi, yaani masafa ambayo mnara na ruta huongea kwayo. Upande wetu wa dunia 4G hutumia sana bendi ya 3, ya 7 na ya 20, yaani megahezi 1800, 2600 na 800, na hiyo ya 800 ndiyo inayofika mbali na kupenya nyumba vizuri. Ruta nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina ya 20. Uliza mtandao uliouchagua unatumia bendi zipi Tororo, kisha uzitafute kwenye karatasi ya kifaa. Hakikisha pia kwamba ruta haijafungwa kwa kampuni moja, na kwamba ina matundu ya kuunganisha antena ya nje, endapo mnara uko mbali.

Vifurushi vingi vya 4G huhesabiwa kwa gigabaiti, na tangu Julai 2021 data hutozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo zima masasisho ya kujiendesha kwenye simu zitakazotumia ruta hiyo, yasije yakammalizia mama kifurushi kabla ya Jumapili ya kuongea na watoto. Na siku ya kununua, nenda dukani na laini yake ikiwa na data tayari. Mwambie muuzaji aiweke kwenye ruta mbele yako, afungue ukurasa wa mipangilio, akuonyeshe jina la mtandao na namba ya bendi iliyoshikwa, kisha piga video kwenda Tororo ukiwa hapohapo kaunta, kabla hujatoa fedha.